Hatua Arobaini na Moja

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Sajini Absalom Otiato alikuwa amesimama juu ya tuta la bwawa, taarifa ya Bwana Rudge mkono mmoja na saa ya mfukoni mkono wa pili. Ilikuwa Jumatatu ya Julai, mwaka wa 1958. Watu wa Thika hudhani upande wa Ngoliba hakuna baridi, lakini asubuhi hiyo baridi ilikuwa imepenya koti lake la polisi ikafika mifupani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na juu ya matete mpaka kwenye mistari ya kwanza ya mkonge. Bata walisikika wakipiga mabawa huku na huku. Hakuna hata mmoja aliyeonekana.

“Anza sasa,” alimwambia Koplo Gathogo. “Hesabu kwa sauti.”

Gathogo alishuka tuta, akaingia kwenye matete, sauti yake ikihesabu hatua. Kwenye hatua ya ishirini alikuwa mtu asiye na uso. Kwenye ya thelathini alikuwa umbo tu, refu na jeusi. Alipofika arobaini na moja alisimama, kwa sababu hapo ndipo walipokuta damu ya Ndung'u juu ya majani yaliyolala.

“Inua mkono,” Sajini alisema.

“Nimeinua, afande.”

“Upi?”

“Wa kushoto.”

Sajini hakuwa ameona mkono wowote. Aliandika hivyo kwenye daftari lake, na saa pembeni. “Ongeza kumi.”

Koplo aliongeza kumi akapotea kabisa. Sajini alisoma tena mstari aliokuwa ameupigia alama. *Nilikuwa juu ya tuta. Hatua hamsini hivi kutoka kwangu nilimwona Muthoka akijikwaa kwenye mzizi, kidole chake kikiwa kwenye kifyatulio, na bunduki ikalia.*

“Rudi,” aliita. “Taratibu, usikanyage vile vijiti vyangu vya alama.”

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi, mwenye shamba la mkonge alimwalika Bwana Rudge, meneja wa shamba la kahawa huko Ruiru, aje wapige bata, maana msimu ulikuwa umebakiza wiki mbili ufungwe. Waliondoka nyumbani watu wanne. Mwenye shamba alikwenda kukaa ncha ya mbali ya bwawa. Rudge alibaki juu ya tuta. Muthoka, mfuatilia nyayo wa shamba hilo kwa miaka ishirini na sita, alishuka majini na bunduki ya akiba ya bwana wake. Pamoja naye alikuwa Ndung'u, kibarua aliyejua kuogelea, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota bata wakianguka. Saa moja na nusu ilisikika risasi moja. Ndung'u alipigwa mgongoni. Sasa alikuwa hospitali ya Thika, hana fahamu, na daktari alikuwa amemtoa chembe nne za risasi, kila moja kubwa kama punje ya kunde.

Risasi za bata ni kama punje za mtama. Hilo hata Rudge alilijua, na alikuwa amelijibu kabla ya kuulizwa. Alisema alimpa Muthoka risasi moja nzito, nyekundu, ajilinde na mamba. Na kweli, polisi walipompekua Muthoka siku ile walikuta ganda jekundu kwenye mfuko wa koti lake.

Katika Hali ya Hatari iliyotangazwa wakati wa Mau Mau, Mwafrika aliyekutwa na risasi bila kibali aliweza kufikishwa kwenye kitanzi. Kwa hiyo Inspekta Tolland, mkubwa wa upelelezi pale Thika, aliona anamfanyia Muthoka hisani kwa kuita jambo hilo ajali. Karatasi ilikuwa tayari. Muthoka aweke kidole gumba chini ya maneno kwamba alijikwaa, atozwe faini, aende nyumbani. Muthoka alikataa. Ndipo Tolland akampa Sajini siku mbili.

Ukungu ulianza kupanda saa mbili na nusu. Sajini alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia kwenye tope. Alikuwa mtu wa Bunyala, amekulia kwenye vinamasi vya ziwa, na matete yalikuwa kitu anachokisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Nyuma ya mahali pa damu, kuelekea majini, palikuwa na mgunga mmoja mdogo. Kwenye shina lake, chini ya goti, alikuta tundu. Aligeuza kisu ndani yake kwa uangalifu mpaka chembe ya risasi ikatoka, nyeusi, kubwa kama kunde.

“Ni ya tano,” Gathogo alisema.

“Ni ya tano. Sasa nipe uzi.”

Alifunga uzi wa katani kwenye tundu lile. Kisha alitafuta matete yaliyokatwa. Mabua yaliyovunjwa na mtu anayepita hupinda na kuning'inia. Haya yalikuwa yamekatwa kama kwa wembe. Aliyapata sita. La karibu na mgunga lilikatwa usawa wa goti. La tatu, usawa wa kiuno. La sita, karibu kabisa na tuta, lilikuwa juu ya kichwa cha Gathogo. Sajini alipitisha uzi kutoka bua hadi bua, akaukaza, akapanda nao. Ulifika juu ya tuta ukagusa bega lake pale pale alipokuwa amesimama saa moja na dakika ishirini.

Gathogo aliuangalia ule uzi kwa muda. “Umeshuka,” alisema. “Risasi imeshuka kutoka huku juu.”

“Na Muthoka alikuwa wapi?”

“Chini kwenye tope. Taarifa yenyewe imesema.”

“Mtu aliye kwenye tope akijikwaa, bunduki yake inaelekea wapi?”

“Mbinguni, au kwenye tope.”

“Kata hayo mabua. Andika namba kwa kila moja, pima urefu mara mbili. Usipime kwa haraka.”

*

Muthoka alikuwa ameketi sakafuni katika seli ya Thika, mgongo ukiwa umenyooka bila kugusa ukuta. Alikuwa mwembamba, mvi kichwani, na miguu ya mtu aliyetembea sana. Ndani ya mlango mke wake, Mwongeli, alikuwa ameacha isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa. Muthoka hakuwa ameigusa.

“Mzee Muthoka,” Sajini alisema akiketi kwenye kibao, “nitakuuliza maneno ambayo hutayapenda.”

“Uliza.”

“Hilo ganda jekundu lilifikaje mfukoni mwako?”

“Nililiokota.”

“Wapi?”

“Juu ya tuta. Ndung'u alipoanguka nilimtoa kwenye tope, nikakimbia juu kuita watu. Lilikuwa chini karibu na viatu vya yule bwana. Bado lilikuwa na joto.”

“Mtu anakufa, na wewe unaokota maganda?”

Muthoka hakukasirika. “Maganda yote ya shamba lile ni mimi huyaokota. Ng'ombe wakiyatafuna wanakufa. Miaka ishirini na sita hakuna ng'ombe aliyekufa kwa ganda. Mkono uliokota wenyewe, Sajini. Baadaye ndipo nilipoona rangi yake.”

“Bwana Rudge anasema alikupa risasi hiyo. Ya mamba.”

“Katika bwawa lile hakuna mamba. Aliyekuwepo tulimuua mwaka wa njaa, mimi ndiye niliyemshika mkia. Mwulize mwenye shamba.”

“Nilimwuliza,” Sajini alisema. “Amesema hivyo hivyo. Lakini yeye alikuwa mbali, na hakuona risasi ikipigwa. Ni neno lako na neno la Mzungu.”

“Najua.”

“Kwa nini hukuweka kidole? Ungekuwa nyumbani sasa hivi. Mama Mwongeli asingekuwa anatembea na sufuria kutoka Ngoliba mpaka hapa.”

Muthoka aliinua macho kwa mara ya kwanza. “Wewe kazi yako ni nini?”

“Upelelezi.”

“Wakikuandikia karatasi kwamba ulilala zamu, na hukulala, utatia sahihi?”

Sajini aliweka kalamu chini.

“Mimi hubeba bunduki ikiwa wazi, haina kitu ndani. Ninaifunga bwana akinyoosha mkono aipokee. Nimewabebea watu waliopiga simba. Nimewabebea walevi. Hakuna hata siku moja bunduki ililia mikononi mwangu. Nikiweka kidole hapo, huko kwetu Yatta watasema Muthoka alijikwaa akampiga mwenzake mgongoni. Watoto wangu wawili wanajifunza kazi hii. Nani atawapa bunduki wabebe?”

“Na ukifungwa?”

“Nitafungwa nikiwa Muthoka.”

Sajini alifunga daftari. “Bado sijakuamini,” alisema akisimama. “Ninaamini uzi wangu. Lakini kula chakula chako. Kinapoa.”

Mlangoni aligeuka. “Neno moja. Siku ile mlivaa nini?”

“Mimi nilikuwa na koti langu hili, la vita. Ndung'u hana koti. Alijifunika gunia la mkonge begani kwa sababu ya baridi. Mpaka lilipolowa damu.”

*

Safari ya Ruiru Sajini aliifanya mchana huo huo kwa Landrova ya polisi, akiwa na hati ya Tolland ya kuchukua bunduki ya Rudge na leseni zake. Meneja mwenyewe alikuwa kwenye vitanda vya kukaushia kahawa. Alituma funguo kwa mtu bila kuja. Bunduki ilikuwa imesafishwa ikang'aa, kwa hiyo haikumwambia Sajini chochote. Leseni zilimwambia kitu kimoja: mwaka huo Rudge alikuwa na ruhusa ya bata na kanga. Sehemu ya mbawala ilikuwa imepigwa mhuri wa kwisha tangu Mei.

Aliomba maji ya kunywa jikoni. Mpishi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, leso kichwani, akikata karoti nyembamba kama karatasi. Alijitambulisha kuwa Wakonyo.

“Jumamosi bwana alileta bata wangapi, mama?” Sajini aliuliza.

“Hakuleta kitu. Alirudi amenyamaza akaenda kulala.”

“Kwa hiyo ulikuwa umejiandaa bure.”

“Sikujiandaa kwa bata.” Kisu hakikusimama. “Ijumaa aliniambia nitoe karai kubwa, ninunue siki chupa mbili na vitunguu vya kutosha. Mguu wa mbawala unalala kwenye siki siku mbili ndiyo ulainike. Karai bado liko pale, na siki yake.”

“Pengine siki ilikuwa ya bata.”

Wakonyo aliweka kisu chini. Alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. “Nimepika jikoni kwa Wazungu tangu nikiwa msichana. Wameniita Nairobi, wameniita Nakuru nipikie harusi zao. Hakuna mtu anatia bata kwenye siki. Bata ni siagi, na moto mdogo.”

“Alisema mbawala kwa mdomo wake?”

“Alisema, ‘Wakonyo, wiki hii tutakula mbawala, lakini usiseme nje.’ Sikusema. Lakini wewe umeuliza kama polisi, na nimesikia huyo Ndung'u ana mama.”

Sajini alitoa daftari. “Naweza kuandika haya bila kutaja jina lako. Najua unafanya kazi kwa bwana huyu.”

Wakonyo alifuta mikono kwenye aproni. Nje, mashine ya kumenya kahawa ilikuwa ikinguruma.

“Andika,” alisema. “Wakonyo wa Mburu. Ukiandika maneno ya jikoni bila jina, watasema ni porojo. Na mpishi kama mimi hakosi kazi.”

*

Jumanne saa nne Rudge alifika ofisini kwa Tolland. Alikuwa mtu mnene mwenye uso mwekundu, viatu vimepakwa rangi vizuri. Juu ya meza palikuwa na mabua sita ya matete yenye namba, chembe tano za risasi ndani ya kisahani, na ganda jekundu. Aliviangalia, kisha akamwangalia Tolland.

“Nimekuja kuzungumza na wewe,” alisema. “Sikuja kuhojiwa na Sajini.”

“Sajini ndiye aliyefanya kazi hii,” Tolland alijibu. “Keti.”

Tolland alikuwa amesikia yote jioni iliyotangulia na alikuwa amebisha kila kitu. Alisema ukungu wa Jumatatu si ukungu wa Jumamosi. Sajini alimwonyesha kitabu cha zamu cha dereva wa treni ndogo ya kubebea mkonge. Jumamosi hakuondoa treni mpaka saa tatu, kwa sababu hakuona reli. Alisema uzi unaweza kupinda. Sajini alimpeleka uani, akayasimika mabua kwa vipimo vya Gathogo, akamwachia Inspekta mwenyewe ashike uzi. Baada ya hapo Tolland aliacha kubisha, lakini alisema uzi hausemi mahakamani. Mtu ndiye husema.

“Bwana Rudge,” Sajini alianza, “risasi ilipolia, ulikuwa unamtazama Muthoka?”

“Imo kwenye taarifa.”

“Ulimwona vizuri?”

“Vizuri kabisa. Nilimwona akijikwaa. Nitarudia mara ngapi?”

“Ulikuwa unamtazama yeye, hukuwa unatazama mtu mwingine.”

“Nilikuwa namtazama yeye.”

“Alikuwa amevaa nini?”

Rudge alivuta pumzi kwa puani, kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. “Wanachovaa wote wakati wa baridi. Gunia. Gunia la kahawia mabegani.”

Tolland, ambaye alikuwa ameegemea kiti, aliketi wima. Sajini alifungua mlango, na Koplo Gathogo akaingia na vitu viwili mikononi. Kwanza alitandaza kwenye kiti koti la jeshi, la kijani, lenye vifungo vya shaba. Kisha akaweka mezani, juu ya gazeti, gunia lililokauka damu, na matundu manne upande wa mgongoni.

“Koti ni la Muthoka,” Sajini alisema. “Gunia ni la Ndung'u. Mwenye shamba la mkonge na mpishi wa nyumbani kwake waliwaona wote wawili wakiondoka nyumbani saa kumi na mbili, na wameandika hivyo. Ulichokuwa unakitazama risasi ilipolia, Bwana Rudge, ni hiki.”

Rudge hakugusa gunia. Alitafuta mahali pa kuweka macho, akakosa.

“Saa moja na nusu hakuna mtu angeweza kumpiga bata,” Sajini aliendelea, sauti ile ile. “Wanasikika, hawaonekani. Risasi ile ilipigwa chini, kwa kitu cha kahawia kilichokuwa kikitembea kwenye matete, hatua arobaini na moja kutoka kwako. Risasi ilikuwa nzito kwa sababu mnyama uliyemtaka ni mzito. Leseni yake iliisha Mei. Siki yake iko kwenye karai huko Ruiru mpaka leo.”

“Rudge,” Tolland alisema taratibu.

Mikono ya meneja ilikuwa juu ya magoti. Aliigeuza, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

“Nilidhani ni mbawala,” alisema. “Kilikuwa cha kahawia, kikainamisha kichwa. Nilidhani ni mbawala. Nilipomwona yule mzee ameliokota ganda, nilifikiri… ni wao wenyewe kwa wenyewe. Nilifikiri atatozwa faini, nami nitamlipia. Nilitaka kumlipia.”

“Na kama Ndung'u angekufa?” Sajini aliuliza.



Tolland alivuta karatasi safi, akafungua kalamu, kisha akafanya jambo ambalo Gathogo alilisimulia kantini kwa miezi mingi. Aliigeuza karatasi na kuisukuma upande wa pili wa meza, mbele ya Sajini, pamoja na kalamu yake mwenyewe.

“Mpe onyo la sheria, Sajini,” alisema. “Kisha andika anachosema. Ni kesi yako.”

Absalom Otiato aliketi. Aliandika tarehe, saa na jina kwa mwandiko uliosimama, wala hakuharakisha.

*

Ndung'u alipata fahamu Alhamisi. Daktari alisema atatembea, ingawa mkono wa kulia hautapanda juu ya bega. Rudge alifunguliwa mashtaka mbele ya hakimu wa Thika, na bunduki yake ikafungiwa kwenye ghala la polisi. Muthoka aliachiwa, na mwenye shamba akamtumia gari mpaka mlangoni kwake. Muthoka hakupanda. Alimwambia dereva arudi na maneno: angerudi kazini kwa masharti yake, na masharti hayo angeyasema ana kwa ana.

Jumamosi ya mwisho ya msimu Sajini alikwenda Ngoliba kuirudisha ile bunduki ya akiba, maana kesi haikuihitaji tena. Alifika kwenye bwawa saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa umelala kama wiki mbili zilizopita. Juu ya tuta, mabwana wanne wa Kizungu walikuwa wamesimama kwenye baridi, kila mmoja kando ya kijiti ambacho Muthoka alikuwa amekichomeka ardhini, bunduki zao zimefunguliwa na zimelazwa wazi kwenye mikono. Mwenye shamba alikuwa mmoja wao. Mmoja alikohoa, mwingine alitazama saa yake akairudisha mfukoni.

Muthoka alikuwa mbele yao, katikati, koti la vita limefungwa vifungo vyote. Vibarua wawili wapya walikuwa wameketi nyuma yake juu ya nyasi, kila mmoja na kitambaa cheupe kichwani. Aliangalia maji yasiyoonekana. Alisikiliza.

Sajini alisimama nyuma kabisa na bunduki ya akiba kwapani, mtutu wazi, akangoja kama wengine. Walingoja nusu saa, kisha nusu saa nyingine. Pole pole bwawa likaanza kuonekana: kwanza mgunga, kisha ukingo wa matete, kisha maji, na juu ya maji bata wengi kuliko alivyodhani.

Muthoka aliwageukia wale mabwana. Aliwatazama mmoja mmoja, kutoka kushoto mpaka kulia, kila kijiti na kila mtu wake.

“Sasa,” alisema. “Fungeni bunduki.”

Nao wakazifunga.